Fedha za Ukumbi Zilivyoishia Gisenyi

Tangu turudi kutoka Gisenyi, siwezi kufika sokoni Kirumba nikanunua nyanya kwa amani. Kila aliyechangia harusi ya Deo ananisimamisha. Wengine wanataka picha, wengine wanataka kujua kama ni kweli hatukukodi ukumbi, na wapo waliokwisha kusikia habari ya bahasha na kuitia chumvi kabla hata sijafungua mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa mhazini wa kamati, kwa hiyo nawajibu wote kwa mkupuo mmoja. Mambo ya pasi na mihuri nayaacha, hayana utamu. Haya mengine kaeni mkao wa kula.

Kwa wale mliochanga bila kutujua vizuri: Deo ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alifariki Deo akiwa bado anabebwa mgongoni, na Mjomba Method, kaka yake mama, ndiye aliyemchukua. Mjomba hakujaaliwa mtoto. Alimwahidi mama, palepale kitandani, kwamba huyu atamlea na atamwoza yeye mwenyewe, na ahadi hiyo tumeisikia mpaka tumeikariri. Deo akakua, akasomea ufundi, akapata kazi ya kufunga majokofu ya samaki Gisenyi, na huko akampata Clarisse. Wakaamua harusi ifanyike hukohuko kwao binti, kwenye bustani moja kando ya Ziwa Kivu. Mjomba hakungoja kuchaguliwa. Alijitangaza mwenyekiti wa kamati.

Mnamjua alivyo. Keki ya ngazi tatu aliikata ikabaki moja. Mpiga picha wa pili alimfuta. Maua alisema yapo mengi tu njiani, tutachuma. Nilimtetea kidogo, maana harusi ya mbali haina huruma: kila mtu unayemwongeza ni kiti cha kosta, ni kitanda, ni sahani tatu kwa siku. Ila salio la bustani, ndiyo ukumbi wetu, hakukubali mtu mwingine alishike. Ilikuwa fedha nene kuliko vifungu vyote, na mwenye bustani alikuwa ameshasema kwamba asipolipwa mkononi kabla ya jua kuzama siku ya kuomba mchumba, atawapa wengine. Mjomba akaitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la sufi, na koti hilo hakulivua tena.

Mwanza hadi Benaco

Tuliondoka alfajiri, kosta imejaa shangwe. Tulipopita daraja la Busisi akina mama walipiga vigelegele hadi dereva akapunguza mwendo ili wamalize vizuri. Mimi nilikuwa na furaha ya kitoto. Sijawahi kutoka nje ya nchi, na sasa nakwenda kuchukua wifi.

Furaha ilipunguzwa kidogo baada ya Biharamulo, pale bomba la maji ya injini lilipopasuka. Tulikaa kando ya barabara muda wa kutosha kumaliza mihogo yote ya kuchemsha tuliyobeba. Fundi alipopatikana, Mjomba alibishana naye bei ya bomba mpaka fundi akaanza kukusanya spana zake aondoke. Ilibidi nimvute Mjomba pembeni. Akaniambia kwamba dharura nayo ina bajeti yake, na bajeti ya dharura hailiwi siku ya kwanza.

Benaco tulifika tumeshikwa na njaa. Tulikula mbuzi wa kuchoma na ndizi, wa moto hasa, na Mjomba akanunua mayai mawili tu ya kuchemsha akasema hayo yanamfikisha Rwanda.

Rusumo

Pale mpakani tulipata somo. Dagaa wetu, karanga, na zile zawadi ndogondogo za wakwe vilikuwa ndani ya mifuko ya nailoni, na nailoni Rwanda hawaitaki. Dada mmoja mwenye sare aliikagua kosta kwa adabu na upole, akaitoa yote, mmoja baada ya mwingine. Tukabaki na dagaa wamelundikana kwenye mabenchi, tunatazamana. Mama mmoja akavua kitenge cha pili, mwingine akatoa shuka, na hivyo ndivyo zawadi za wakwe zilivyovuka mto Kagera zikiwa kwenye mafungu ya nguo. Tulicheka hadi machozi.

Jambo jingine lililotokea hapo hatukulipa uzito, na lilikuja kutugharimu. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu zetu zilijirekebisha zenyewe. Mjomba ana saa ya mkononi ya miaka mingi, na alipoambiwa airudishe nyuma alikataa. Alisema hawezi kuishi saa moja mara mbili.

Kigali hadi Gisenyi

Kigali tulilala tu, na asubuhi tukaanza milima. Dereva wetu hakuwahi kuendesha upande wa kulia, basi njia nzima alikuwa akijisemea, "Kulia, kulia," na kila mzunguko wa barabara abiria wote tulimsaidia kusema. Baridi ilikuwa ya kweli. Ukungu umelala mabondeni, viazi vimelimwa hadi vileleni, na barabara imepinda hivi na hivi mpaka tumbo linauliza maswali.

Tulisimama kula kwenye kituo kimoja cha mapumziko huko juu. Tuliletewa mishikaki na viazi vya kuchoma, na katikati ya meza kichupa kidogo chenye mafuta mekundu. Kwenye kila meza mtu alikuwa akidondosha tone moja, labda mawili. Mjomba akasema sosi ya hapa wanaibania sana, akamimina nusu kichupa. Tulimwona akitafuna, akinyamaza, macho yakijaa maji. Aliifuta sahani yote, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshalipiwa. Baadaye ndani ya kosta aliomba maji kwa sauti ndogo, na alikunywa ya watu watatu.

Halafu kosta ikashuka kona ya mwisho na ziwa likatokea chini yetu, la buluu, pana, mji wa Gisenyi umekaa ukingoni na Goma ya Kongo imeungana nao hata usijue nchi moja inaishia wapi. Nilishika mkono wa aliyekaa karibu nami nikambana mpaka akalalamika. Sisi ni watu wa ziwa, lakini ziwa lenye milima hivi sikuwa nimeliona.

Mbugangari

Kwao Clarisse ni Mbugangari, mtaa wa biashara ndogondogo na mafundi, nyumba zimesogeleana na pikipiki haziishi kupita. Siku ya kuomba mchumba Mjomba alituamsha kwa saa yake ya Mwanza na kutupanga mstari. Tukafika tumependeza, suti na vitenge, tukakuta hema ndiyo kwanza linasimamishwa. Viti vilikuwa bado kwenye gari. Shangazi wa bibi harusi, Tantine Odette, mfanyabiashara anayevuka kila siku mpaka wa Petite Barrière kupeleka mboga Goma, alitoka akiwa na taulo kichwani na povu la sabuni mikononi.

"Karibuni sana," alisema. "Bon, mumekuja mapema kabisa. Hata fanta haijafika. Mukae pale kwa kivuli, tunakuja."

Tulikaa kivulini saa nzima na zaidi. Nilimweleza Mjomba habari ya saa, akaitazama saa yake, akasema wenye haja ya wageni huwa tayari mapema. Nikaona ameshaanza kuumia. Kila kijana aliyepita na kreti bila kusalimia, yeye alimhesabia kosa.

Kuomba mchumba kwa Wanyarwanda hufanyika hivi, na ningetoa chochote kama mtu angeniambia mapema. Familia mbili hukaa zikitazamana. Kila upande una msemaji wake, mzee mwenye ulimi. Bwana harusi anangoja nje, bibi harusi amefichwa ndani. Halafu wasemaji wanabishana. Deo alikuwa ametuambia tu kwenye simu kwamba kutakuwa na maneno mengi, tusijali. Msemaji wetu tulitafutiwa hapohapo mjini, Kinyarwanda kitupu. Ili tusiachwe gizani, tuliwekewa Mwalimu Faustin, mzee aliyeishi Tanzania miaka mingi, akae kati yangu na Mjomba atutafsirie.

Mwalimu alitafsiri kila neno. Alichosahau ni kutuambia kwamba yale ni maigizo.

"Anasema hawawafahamu ninyi," alitunong'oneza. "Anasema waliotoka mbali hivyo huenda wamepotea njia." Watu wakacheka. "Anasema binti mnayemtaka alishaombwa na wengine, tena watu wenye adabu." Wakacheka zaidi. Msemaji wetu alijibu, akajibiwa, akajibu tena. "Anasema amesikia kwamba ng'ombe wenu walizuiwa mpakani wakarudi. Hapa hajaona hata mkia."

Mimi nilikuwa nikitazama nyuso na kujiuliza kwa nini msemaji wetu anatabasamu. Mjomba alikuwa akitazama magoti yake. Na hapa lazima niseme jambo ambalo nyie wenzangu mnalijua lakini wakwe zetu hawakulijua. Kwetu Usukumani maneno ya ng'ombe hayana mzaha. Mkiambiwa hawatoshi, hawatoshi kweli. Mnaongeza, au mnarudi nyumbani mikono mitupu, na wapo tuliowaona wakirudi. Mahari ya Clarisse ilikuwa imeshapokelewa wiki nyingi kabla, yote, ila Mjomba alipowasikia wakisema hawajaona hata mkia, alielewa kitu kimoja tu, kwamba mtoto wake anakataliwa mbele ya watu na watu wanacheka.

Bahasha juu ya kikapu

Katikati ya pande mbili palikuwa na meza ndogo, juu yake kikapu chao cha heshima, kile chenye kifuniko kilichochongoka. Mjomba akasimama. Kwa desturi ya pale hakuna anayesimama kabla msemaji wake hajampa nafasi, kwa hiyo kelele zote zilikatika. Akatembea hadi mezani, akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kikapu.

Nilitaka kumvuta. Nilikuwa nimechelewa. Ile ilikuwa bustani yetu, ilikuwa harusi ya kesho, yote pale juu ya kifuniko.

Mjomba alizungumza Kiswahili, taratibu.

"Wazee wangu, mimi sijui kuchezea maneno. Huyu kijana mama yake aliniachia mikononi. Kama ng'ombe hawakutosha, hiki ndicho nilichobaki nacho. Na kama nacho hakitoshi, nibakisheni mimi hapa. Nitachunga ng'ombe wenu mpaka mtosheke, ila yeye mpeni mke wake."

Mwalimu Faustin alifungua mdomo atafsiri, akaufunga. Wengi walikuwa wameelewa, Gisenyi Kiswahili si kigeni. Msemaji wa upande wa pili, aliyekuwa akitupiga kwa maneno tangu mchana, alivua miwani yake akaifuta, akaivaa, akakaa chini.

Aliyesimama ni baba yake Clarisse, mtu mnene mpole ambaye siku hiyo hakupaswa kusema lolote. Alizaliwa Goma, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Muzee, ukae, tafazali," alisema. "Binti tulisha kumutoa zamani. Hii ni muchezo yetu, tunafanyaka hivi juu binti asionekane kama mutu amemuchoka kwao. Hatukukuambia. Kosa iko yetu."

Akaichukua bahasha kwa mikono miwili amrudishie. Mjomba akarudi hatua moja nyuma akatikisa kichwa. Kwetu kilichotolewa kwa ajili ya binti ukikirudisha mfukoni umemwacha binti. Akaeleza hivyo. Baba yake Clarisse naye akaeleza kwamba kwao mtu mzima hapokei fedha hadharani kama anauza dukani, angeonekana vipi mjini. Bahasha ikarudi juu ya kikapu. Wazee wawili wakaitazama, hakuna aliyeigusa, na mimi mhazini nikaona jua linashuka nyuma ya paa za Goma.

Hapo ndipo mlango wa nyumba ulipofunguliwa na Clarisse akatoka. Hakuitwa. Hajaimbiwa, hajasindikizwa, ushungi wa shanga umekaa upande kwa haraka. Bibi mmoja alishika kichwa. Clarisse alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Mjomba, akamshika mikono yote miwili.

"Mi nimekuja mwenyewe," alisema. "Hakuna mutu alikukatala, Papa. Hakuna."

Nililia, na sioni aibu kuwaambia. Hata msemaji wao alilia, kisha akakumbuka kazi yake, akasema kwa Kinyarwanda kitu ambacho Mwalimu alikitafsiri huku anafuta pua: kwamba katika maisha yake yote hajawahi kushindwa, na leo ameshindwa na mtu ambaye hajui hata neno moja la Kinyarwanda. Deo akaitwa kutoka nje. Alikuwa amekaa garini, hajui lolote, anashangaa kwa nini watu wote wana macho mekundu siku ya furaha.

Bahasha aliichukua Tantine Odette, kwa namna anavyochukua vitu sokoni, bila kuomba ruhusa. "Kama wazee hawaitaki, basi iko ya harusi," aliniambia. "Tuende ndani, tupange."

Jikoni, katikati ya masufuria, nikampigia mwenye bustani. Aliongea vizuri sana, ila jua lilikuwa limezama na bustani alikuwa ameshawapa watu wa Kigali. Na kianzio tulichotanguliza, alinikumbusha kwa upole, hakirudi.

Nyamyumba

Basi niseme wazi: harusi ya Deo ilifanyika kwenye kiwanja cha shemeji yake Tantine, Nyamyumba, kusini mwa mji, mita chache kutoka majini. Usiku ule mimi na yeye tulitengeneza bajeti mpya ya zile fedha za bahasha tukimenya viazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vikao vianze kwamba sikuwa na upande wangu na upande wao. Kulikuwa na fungu moja, na kila tulipobishana tulibishana kama watu wa nyumba moja, nani anajua kukaanga na nani hajui.

Nilitaka pilau ya watu wote. Akanikatalia. Mimi nilipanga kwa kadi, kila kadi na sahani yake kama tunavyofanya Mwanza. Yeye aliniambia hapa mgeni akipata chupa yake ya kinywaji na kiti, amepewa heshima yote, na kula ni kwa wakwe na waliotoka mbali. Sikumwamini. Kesho yake, baada ya kanisa, walikuja watu ambao hawakuwahi kuona kadi yoyote: wavuvi, majirani wa Mbugangari, mama za mpakani wenye mabeseni yao, hata waliokuwa wametoka kuoga kwenye maji ya moto pale jirani. Nilipowaona wanashuka kwenye pikipiki nilianza kuhesabu sahani. Wakapewa chupa, wakaketi, wakafurahi. Sisi tulikula sambaza, samaki wadogo wa ziwa lile, wa kukaanga wakali wa chumvi, na dagaa wetu wa Mwanza pembeni yao, na ubishi wa nani mtamu zaidi haujaisha mpaka leo. Kusema kweli, sambaza walitushinda.

Keki ilikuwa ya ngazi moja. Hakuna aliyeuliza nyingine ziko wapi. Ngoma zilipoanza, wale wasichana walicheza mikono imeinuliwa juu, na shangazi zetu wakajibu kwa mabega, na ikawa ni kupokezana hivyo tu mpaka viatu vikavuliwa.

Wakati wa hotuba baba yake Clarisse alimwita Mjomba mbele. Hakusema mengi. Alimshika bega akamtambulisha kwa watu wake: "Huyu ni bamwana wangu."

Mjomba aliniangalia anipe kazi ya kueleza, na mimi nikamwangalia Mwalimu. Mwalimu akasema bamwana ni neno ambalo mzazi wa binti humwita mzazi wa kijana aliyemwoa binti yake. Si neno la mjomba, si la mlezi. Ni la mzazi.

"Mzazi," Mjomba alirudia.

"Ndiyo. Mzazi mwenzake."

Alilivua lile koti, kwa mara ya kwanza tangu Mwanza, akalikunja, akanipa nishike.

Kurudi

Maharusi tulirudi nao ndani ya kosta, maana bajeti ya fungate ilikuwa imeliwa na hema na viti. Clarisse hakununa. Aliwafundisha akina mama nyimbo, na kufika Rusumo alikuwa ameshajua majina ya wote. Mjomba alirudi kuwa Mjomba. Benaco aligombana na muuza mayai, na dereva aliposema mafuta hayatoshi alimuuliza alikuwa anayapeleka wapi.

Nilikaa karibu naye. Nilimuuliza lile swali mnaloniuliza nyie wote. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, mhazini wake. Kwa nini hakunigeukia kwanza?

Alilikunja koti lake upya magotini.

"Ningekugeukia ungeanza hesabu," alisema. "Ni kazi yako, sikulaumu. Lakini mtoto wangu walikuwa wanamcheka, Stela."

Alisema mtoto wangu. Amemlea tangu mgongoni, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo mbele yetu. Siku zote alikuwa "mtoto wa dada".

Kwa hiyo taarifa ya kamati mtakayosomewa Jumapili ina shimo, nami nawaambia mapema. Ukumbi haukukodiwa. Kianzio kimepotea. Mwenye neno aniletee mimi. Mjomba msimuulize habari ya fedha. Mkimkuta njiani mwiteni bamwana, kwa sauti, muone anavyogeuka.